Kabla ya Kufungua Kamera, Uliza Nani Anausemea Msitu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, ni muuguzi hapa Gosford, kaskazini mwa Sydney, na huu ni mwaka wangu wa sita. Karibu na ninapoishi, upande wa Kariong, kuna msitu ambao wazee wa Kiaborijini wanasema ni mtakatifu, na kuna mpango wa kukata viwanja vya nyumba ndani yake. Napiga picha za mandhari kwa mapenzi tu, lakini nina kamera nzuri na nina subira. Kila nikipita pale naikumbuka kaya ya kwetu, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Je, picha zangu zinaweza kuuzuia mpango huo? Na nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Umeuliza maswali mawili, na jibu la lile la kwanza linategemea utakavyolifanya lile la pili. Kwa hiyo nivumilie.

Sijaona picha peke yake ikisimamisha tingatinga. Nimeona picha ikishindwa, na nimeona picha ikisaidia kushinda, na mifano miwili mikubwa imetokea nchi hiyohiyo unayoishi, tena katika jimbo moja: Tasmania.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya jimbo hilo ilipanga kulizamisha Ziwa Pedder, lililokuwa na ufuko mpana wa mchanga mweupe katikati ya milima, ili kupata umeme wa maji. Olegas Truchanas, mhamiaji kutoka Lithuania, alikuwa amelipiga picha ziwa lile kwa miaka. Moto mkubwa wa Februari 1967 ukaiteketeza nyumba yake pamoja na hazina yote ya slaidi zake. Akarudi porini, akaanza upya. Alizionyesha picha zake Hobart, mji mkuu wa jimbo, mbele ya kumbi zilizojaa, na watu walilia. Mwaka 1972 ziwa likazamishwa vilevile. Januari ya mwaka huohuo Truchanas mwenyewe alikufa maji katika Mto Gordon, akiwa kwenye kazi hiyohiyo ya picha.

Miaka 11 baadaye ikaja zamu ya Mto Franklin, uliopangiwa bwawa la umeme. Peter Dombrovskis, kijana ambaye Truchanas alimlea kama mwanawe katika milima ile, alikuwa amepiga picha ya kona moja ya mto: ukungu wa asubuhi, jabali lililosimama katikati ya maji, miti imeinamia kingo. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 5 Machi 1983 picha hiyo ilitangazwa magazetini kwa rangi, na juu yake swali la kumuuliza mpiga kura kama angekipa kura chama kitakachoyaangamiza haya. Serikali ilibadilika. Tarehe 1 Julai 1983 mahakama ya juu kabisa ya Australia, majaji 4 dhidi ya 3, iliamua kwamba serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kulizuia bwawa. Mto unatiririka mpaka leo.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hiyo kana kwamba picha ndiyo iliyoshinda. Mimi nakuomba utazame kilichokuwa nyuma ya picha. Pedder ilikuwa na uzuri bila sheria ya kuushikilia. Franklin ilikuwa na uzuri, na eneo lilikuwa limeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia Desemba 1982, na zaidi ya watu 1,200 walikamatwa wakiziba njia ya mitambo, na kulikuwa na pango. Pango hilo, Kutikina, lilikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama walioliwa na watu wapatao miaka 20,000 iliyopita, zama za barafu. Bwawa lingelifunika. Basi mle porini, ambako mabango yalikuita nyika isiyoguswa, palikuwa nyumbani kwa watu.

Hapo ndipo penye kasoro ya sanaa yetu. Picha ya mandhari tuliyofundishwa kuipenda haina mtu: ukungu, mwamba, mti, mwanga. Lakini nchi hii ilichukuliwa na Waingereza kwa dhana kwamba haikuwa na mwenyewe, na dhana hiyo haikufutwa mahakamani mpaka hukumu ya Mabo, tarehe 3 Juni 1992. Ukimwonyesha ofisa wa mipango miji picha arobaini za msitu mtupu, hata zikiwa nzuri kiasi gani, umemwambia bila kukusudia kwamba hapa hapana mtu. Na pasipo na mtu, nyumba zinajengeka.

Marekani jambo hilo lilitokea mapema zaidi. Picha za bonde la Yosemite alizopiga Carleton Watkins mwaka 1861 zilisaidia kumshawishi Rais Lincoln atie saini sheria ya kulihifadhi bonde mwaka 1864. Wenyeji wake, Waahwahneechee, walikuwa wameshafurushwa na wanamgambo mwaka 1851. Bonde lilihifadhiwa kweli, na picha zilisaidia kufanya watu wasahau nani alikuwa akiishi humo. Siwezi kukushauri ufuate njia hiyo.

Sasa tuje Kariong, na hapa soma polepole, maana ndipo wapiga picha wengi wenye nia njema wanapoteleza.

Ardhi inayobishaniwa hapo si ya tajiri wa majumba. Ni mali ya Baraza la Ardhi la Waaborijini la Darkinjung. Sheria ya haki za ardhi ya New South Wales ya mwaka 1983 iliyapa mabaraza kama hilo njia ya kudai ardhi ya serikali isiyotumika, kama fidia ya kiasi fulani kwa nchi nzima waliyoporwa. Wakishapewa, ni yao: wanaweza kuitunza, kuikodisha, kuijenga, hata kuiuza kwa masharti. Mabaraza mengi yana msitu mwingi na fedha kidogo, na kuna makazi ya kutengeneza, wazee wa kutunza, vijana wa kusomesha. Anayesema "mbona wanataka kujenga kwenye ardhi yao wenyewe" ajiulize kwanza kwa nini majirani zake weupe walijenga kwenye ardhi hiyohiyo miaka mingi bila kuulizwa na mtu.

Upande wa pili wapo Waaborijini wengine, pamoja na majirani wasio Waaborijini, wanaoshikilia kwamba eneo hilo ni takatifu na halipaswi kuguswa. Juu ya hayo kuna mabishano ya nasaba: ni ukoo gani hasa wenye haki ya kulisemea. Huko Belrose, kaskazini mwa Sydney, baraza jingine la ardhi la Waaborijini, la Metropolitan, lilipendekeza nyumba 450 kwenye ardhi yake, na mgogoro ukawa na sura ileile.

Mimi na wewe ni wageni katika shauri hilo. Sisemi ukae kimya. Ninachosema ni kwamba usimchague mzee wako kwa kuangalia nani anasikika zaidi mtandaoni. Nenda kwenye ofisi ya Baraza, jitambulishe, waambie unakotoka na unachotaka kufanya. Kisha nenda kwa wazee wanaoupinga mpango, waambie vilevile. Usifiche upande mmoja habari za mwingine. Wewe umekulia karibu na kaya, unajua: msitu una ngambi yake, yaani baraza la wazee, na mtoto wa jirani haingii na maoni yake kabla hajapiga hodi. Ukishasikiliza pande zote ndipo uamue utampigia nani picha, na uliyemchagua ajue umewasikia na wengine.

Nikusimulie nilivyofundishwa mimi. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipata ruhusa ya mama mmoja mzee wa Kiaborijini kupiga picha ya mchongo ulio juu ya mwamba wa mchanga, mahali ambapo sitapataja. Mchana ungeweza kuukanyaga usiuone. Mvua na upepo wa karne nyingi vimeulainisha. Tulikwenda usiku. Aliniambia niiweke tochi chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, upande mmoja tu. Nilipoiwasha, mwamba ukajaa mistari. Kwanza mgongo, halafu mkia, halafu miguu miwili ya nyuma: mnyama mzima, mrefu kunishinda mimi nikilala. Kwa karibu uliona kwamba mstari si mkwaruzo mmoja. Ni vishimo vilivyogongwa kimoja kimoja kwa jiwe gumu, kisha vikaunganishwa. Jani la mkaratusi lilikuwa limelala ndani ya mfereji wa mgongo. Nilinyoosha mkono kulitoa, akanizuia, akainama akalipuliza kwa pumzi.

Nilikuwa nimeipanga picha yangu: mchongo mbele, na nyuma yake safu ya vilima chini ya nyota. Mama yule akatazama kioo cha kamera, akasema nigeuze. Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole umbo la vilima. Mtu anayeijua nchi hii, alisema, akiuona mgongo wa kilima hicho atajua tulipo, na kesho atakuja na chaki kuupaka mchongo. Nikaigeuza kamera ikatazama chini. Katika picha iliyobaki kuna mwamba, mwanga wa pembeni, na mikono yake miwili ukingoni. Haina nyota hata moja. Nimepiga picha nyingi tangu siku hiyo, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye kikao cha mipango, kwa sababu mikono ile ilijibu swali la nani ana uhusiano na mahali hapo kabla halijaulizwa.

Kwa hiyo, dada, mambo ya kushika ni haya, na sitayapanga kwa namba kwa sababu kila moja linamvuta mwenzake.

Siri ya mahali ni nzito kuliko ubora wa picha. Simu nyingi, na baadhi ya kamera, huandika ndani ya faili pale uliposimama. Zima kipengele hicho kwa nakala zitakazotoka nje, na faili asili zihifadhiwe na wazee au mtu waliyemteua. Yapo maeneo ya wanaume, yapo ya wanawake, na yapo yasiyotazamwa na yeyote asiyefunzwa. Kuna kuta za Uluru ambazo mgeni haruhusiwi kuzipiga picha, na wenyeji wake Waanangu wameweka utaratibu wa vibali kwa anayepiga kibiashara. Ukiambiwa hapa hapana, funika lenzi na usiulize sababu. Watu pia: jamii nyingi za Kiaborijini haziridhii picha ya marehemu kuonyeshwa bila familia kukubali, basi mkubaliane mapema nini kifanyike akifariki mmoja wa uliowapiga. Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: picha ni za nani, zitumike wapi, na kwamba wazee wanaweza kutaka ziondolewe wakibadili nia. Nakusihi usiziuze ukutani kama mapambo.

Halafu kuna ushahidi. Hapa nakurudisha pwani yetu kidogo, maana mfano bora ninaoujua wa picha kulinda kitu kitakatifu umetoka kwa Wagiriama. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango viliibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy akaona kimojawapo katika slaidi za mtu mwingine: kilikuwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu kimoja cha Illinois. Cha pili kikaonekana Hampton, Virginia. Picha ile ya 1985 ndiyo iliyothibitisha kwamba ni vilevile, na mwaka 2007 familia ikapokea kimoja kwa shangwe. Haikupigwa ili ishinde tuzo. Nguvu yake ilikuwa kwamba ilikuwa na mwenyewe ndani yake, na aliyeipiga alijua ni lini na wapi.

Piga za namna hiyo. Chagua sehemu tano au sita ambazo umeruhusiwa, na uwe unasimama palepale, kimo kilekile, lenzi ileile, kila msimu. Andika tarehe, saa na upande unaoelekea. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho mshauri aliyekodiwa kuandika ripoti, akaja siku mbili tu, hana. Pale utaona mti wa Angophora, nduguye mkaratusi, unavyovua gome lake kiangazi na shina kubaki la rangi ya machungwa kama limepakwa jana. Utaona maji yanavyosimama kwenye mifereji ya kunolea mashoka, pale juu ya mwamba, baada ya mvua. Ukiwa barabarani, piga pia vigingi vya wapimaji vyenye utepe, na mtaa wa karibu uliokwisha kujengwa, kutoka kimo kilekile. Usiingie kwenye ardhi ya watu bila ruhusa, na usirushe droni ndani ya hifadhi ya taifa; katika jimbo lako hairuhusiwi bila kibali, na kosa dogo la mpiga picha hutumiwa kuibomoa hoja kubwa ya wazee.

Jielimishe mimea. Nyanda za Somersby na Kariong zina kichaka kidogo cha jamii ya mnanaa, Prostanthera junonis, chenye maua ya zambarau hafifu yanayokaribia weupe, ambacho hakiko kwingine duniani na kimeorodheshwa kuwa hatarini. Picha moja ya ua, moja ya jani kando ya rula, moja ya kichaka kizima: hizo zikithibitishwa na mtaalamu na kuingia katika kumbukumbu za serikali za viumbe, anayepanga viwanja hawezi kuziruka. Jumuiya za mtandaoni za kurekodi viumbe, kama iNaturalist, huficha zenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini, lakini usizitegemee. Ficha na wewe.

Kuna jambo la pembeni ambalo lazima nikuonye kwa sababu uko Kariong. Katika vichaka hivyohivyo kuna michongo inayofanana na maandishi ya Misri ya kale, na mtandao umejaa watu wanaoapa kwamba mafarao walifika. Wataalamu wameichunguza na kusema ni kazi ya karne ya 20. Usiiweke picha yake hata moja pamoja na za kwako. Wanaotaka kuudharau utakatifu wa eneo watashika hapo, wazee wakachekwa kwa jambo ambalo si lao. Na nadharia hiyo yenyewe ni tusi, kwa kuwa inawatafutia Waaborijini walimu kutoka mbali katika ardhi ambayo michongo yao wenyewe imejaa.

Sheria nitaipitia haraka. Vitu vya Kiaborijini katika New South Wales vinalindwa na sheria ya hifadhi za taifa na wanyamapori ya mwaka 1974, lakini sheria hiyohiyo inatoa kibali cha kuviharibu, basi usidhani mchongo ukisajiliwa umepona. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi hutangazwa kwa umma kwa muda mfupi, mara nyingi siku 28, na huo ndio wakati wa picha zako kuambatanishwa na barua. Barua iwe na ukurasa mmoja, picha zisizidi kumi, kila picha na sentensi moja: nini, lini, na nani ameruhusu ionekane. Ngazi ya taifa kuna sheria ya mwaka 1984 ya kulinda urithi wa Waaborijini, ambapo mwombaji ni Mwaborijini au anayemwakilisha, naye anaweza kupeleka ombi hata kwa mdomo. Wewe huwezi kuomba kwa jina lako, ila picha zako zinaweza kusafiri na ombi lao. Agosti 2024 waziri wa mazingira alitumia sheria hiyo kulinda chanzo cha Mto Belubula, karibu na Blayney, kisijengewe bwawa la mabaki ya mgodi wa dhahabu. Hapo pia Waaborijini hawakuwa na kauli moja, na kampuni ikapeleka shauri mahakamani. Ushindi wa nchi hii mara nyingi huja na rufaa nyuma yake.

Umeuliza kama picha zako zinaweza kuuzuia mpango. Zinaweza kufanya mambo mawili: kumfanya asiyewahi kufika aone kuna nini cha kupotea, na kumnyima yeyote nafasi ya kusema baadaye kwamba hakikuwepo. La pili lina thamani hata mpango ukipita. Nimewahi kukaa na familia iliyopoteza mwamba wao kwa barabara. Walichobaki nacho ni albamu yenye tarehe, na kwa albamu hiyo walidai na kupata sharti kwamba mwamba wa pili, mita chache mbele, uachwe na uwekewe uzio.

Wiki hii usiende Kariong na kamera. Chapa picha zako nne au tano za zamani, za karatasi, mojawapo ikiwa ya kaya ya kwenu kama wazee wa kule waliwahi kukuruhusu kuipiga. Hizo ndizo utakazoweka mezani siku ya kujitambulisha, maana mzee akishika picha mkononi huuliza maswali asiyoyauliza kwenye simu. Na asubuhi moja ya mapumziko yako nenda Bulgandry, pale kwenye barabara ya Woy Woy, ndani ya hifadhi ya Brisbane Water. Michongo yake iko wazi kwa umma na kuna njia ya mbao ya kutembelea. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado chini, usimame tu. Mwanzoni utaona jiwe la kijivu. Subiri mwanga uingie kwa ubavu. Atatokea samaki, halafu kangaruu, halafu mtu aliyevaa pambo kichwani. Hesabu dakika mpaka jua lipande na wao wapotee tena, uziandike, maana hizo ndizo dakika utakazokuwa nazo siku utakapoitwa.